Treni Iliyoandikwa Lori

Ofisini walimwita Mama Asilimia, na jina hilo hakulipata bure. Mwaka wake wa kwanza kazini alimwambia mpika chai, mbele za watu, kwamba asilimia arobaini ya sukari inabaki chini ya kikombe kwa sababu hakorogi vizuri. Mpika chai alinuna siku tatu, siku ya nne akapima mwenyewe, akaanza kukoroga. Tangu hapo hakuna aliyebishana na mama huyu kwenye mambo ya hesabu. Ukijaribu, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Umehesabu, au unasema tu?" Basi hapo unakumbuka una kazi kwenye chumba kingine.

Kazi yake ilikuwa moja, na aliipenda kufa: kujua mizigo yote inayoingia na kutoka nchini imebebwa na nini. Ukutani nyuma ya kiti chake kulikuwa na duara kubwa alilolichora kwa mkono wake, lenye rangi tano. Bluu ilikuwa meli, nayo ilichukua tani sabini katika kila mia. "Meli ni mama mwenye nyumba," alipenda kuwaambia wageni. "Anabeba kila kitu, na hakuna anayemwambia asante." Kahawia ilikuwa lori, kumi na tisa. Kijivu ilikuwa bomba la mafuta, nane. Ndege ilipewa ukanda mwembamba wa njano usiofika hata moja. "Msimdharau huyu. Ni mgeni wa heshima. Haji na mizigo mingi, ila mkoba wake usiuguse." Watu walicheka, maana dawa, simu na vipuri vya bei mbaya vyote vilikuwa ndani ya huo mkoba. Kijani ilikuwa reli. Mbili tu. Kwa reli hakuwa na utani. Aliipita harakaharaka na kuuliza kama kuna mwenye swali.

Na alikuwa na sababu. Reli ndiyo iliyomlea. Wazazi wao walipofariki, dada yake mkubwa alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kuwa karani wa mabehewa kwenye stesheni ya mpakani, binti wa miaka ishirini na mmoja mwenye mdogo wa miaka tisa mgongoni, kama watu walivyosema. Mshahara wa reli ulinunua sare, madaftari, na baadaye godoro la bweni. Hata kuhesabu kwa uhakika alijifunzia kwenye jukwaa la stesheni, treni ya mizigo ikipita taratibu, dada akiwa na chaki mkononi. Akikosea hata behewa moja, dada hakumpa jibu. Alimwambia, "Rudi kwenye injini, uanze upya." Kubahatisha kulikuwa marufuku katika nyumba ile.

Sasa dada huyo huyo alipiga simu Jumatatu asubuhi, saa za kazi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Wee mtoto!"

"Shikamoo dada." Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na sita.

"Marahaba. Tumeletewa barua. Alhamisi kamati inakaa kuamua kung'oa reli yetu. Wanataka kufanya stesheni iwe maegesho ya malori. Na unajua wameandika nini? Wameandika kwamba kwa mujibu wa takwimu, reli inabeba tani mbili katika mia, haina faida kuitunza. Takwimu za nani hizo?"

Mama Asilimia alijua ni za nani. Jina lake lilikuwa kwenye jalada.

"Dada, mimi sikuwaambia waifunge. Mimi nahesabu tu."

"Unahesabu nini? Treni nne kila wiki. Kila treni mabehewa thelathini na mawili, yamejaa pomoni, nayaandika mimi kwa mkono huu. Leo unaniambia nabeba mbili kwa mia? Yaani miaka yote hii nimekuwa nikiandika mabehewa ya ndotoni?"

"Dada, namba zinatoka forodha. Zinakaguliwa mara tatu."

"Basi mmoja wetu hajui kuhesabu. Na aliyekufundisha ni mimi." Dada akashusha pumzi. "Huku tuko watu mia mbili na sitini, mdogo wangu. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu, sijililii nafsi yangu. Lakini hawa wengine waende wapi? Ondoka kitini uje uone."

Simu ikakatwa. Mama Asilimia alibaki ameshika tama. Niseme ukweli: hakuwa na wasiwasi hata chembe juu ya namba zake. Alichokiona ni dada yake mzee kaumia, na anahitaji kuonyeshwa kwa upole kwamba upendo si hesabu. Aliomba gari la ofisi, akachukua majalada matatu, na Jumanne alfajiri akaanza safari ya kwenda kumthibitishia dada yake kwamba dada yake amekosea. Kiburi kingine huvaa miwani na kubeba majalada, usikione ukadhani ni huruma.

Alifika saa sita, treni ikiwa inaingia. Dada alikuwa jukwaani, mwembamba, wima, chaki sikioni. Hakumsalimia, alimwonyesha kidole tu upande wa injini. Mama Asilimia akacheka, akaweka majalada chini, akahesabu. Thelathini na mawili. Matano ya nyuma yalikuwa ya makaa ya mawe, meusi tii. Ishirini na saba yalikuwa na nondo, mbolea, vigae, ngano, mashine za kusaga zilizofungwa kwenye mbao.

"Haya," dada alisema. "Sasa kaa uone yanakwenda wapi."

Yalikuja malori sita. Winchi ikaanza kushusha mizigo kutoka kwenye yale mabehewa ishirini na saba na kuipakia kwenye malori, na malori yakaondoka, yakarudi tupu, yakapakia tena. Makaa hayakuguswa, alikuja afisa mmoja wa forodha na pikipiki, akayakagua palepale relini, akaandika, akaondoka.

"Malori yanaipeleka wapi?"

"Kwenye ghala la forodha, kule barabara kuu. Kilomita mbili. Zamani ukaguzi ulikuwa hapa hapa jukwaani, unakumbuka? Wakajenga ghala jipya, huu mwaka wa kumi na mbili sasa. Mzigo ukishakaguliwa kule ndiyo unakwenda kwa wenyewe."

Mama Asilimia alikumbuka jukwaa, hakulikumbuka ghala. Kila likizo alikuja mpakani kula, kulala na kubishana na dada yake juu ya chumvi. Ghala la forodha angelifuata la nini? Akapanda lori la nne, pembeni ya dereva, wakaenda.

Ghalani kulikuwa na dirisha moja, na nyuma ya dirisha afisa wa forodha mnene, mpole, mwenye mwandiko mzuri ajabu. Dereva alisukuma karatasi zake. Afisa alitazama nje, akaliona lori, akaandika namba ya gari, akaandika uzito, kisha kwenye kisanduku cha chombo cha usafiri akaandika tatu. Moja ni meli, mbili reli, tatu barabara.

"Samahani," Mama Asilimia alisema, na sauti yake ilikuwa ile ya juu ya miwani. "Mzigo huu umevuka mpaka na treni. Nimeuona kwa macho yangu. Kwa nini unaandika barabara?"

"Ni kweli umekuja na treni, mama."

"Sasa?"

"Sasa maelekezo ndivyo yanavyosema." Afisa akafungua mtoto wa meza, akatoa karatasi iliyopakwa plastiki, kingo zimeshakuwa njano. "Kifungu cha saba. *Andika chombo kilichofikisha mzigo mbele ya dirisha la forodha. Usiandike kingine.* Mbele ya dirisha langu, treni haijawahi kufika hata siku moja."

Mama Asilimia hakuhitaji kuisoma. Maneno yale aliyatunga mwenyewe, miaka kumi na moja iliyopita, na siku hiyo alijiona bingwa. Makarani wa bandarini walikuwa wakimwaga upuuzi kwenye fomu: meli, halafu kreni, halafu mkokoteni. Akaamua kuwakata kilimi kwa sentensi moja fupi. Na bandarini ilifanya kazi, kwa kuwa dirisha liko gatini. Uwanja wa ndege ilifanya kazi vilevile. Hapa, kwenye stesheni iliyomlisha, sentensi hiyo ilikuwa imegeuza kila treni kuwa lori, nne kwa wiki, miaka kumi na moja.

"Hamkuuliza?" alisema kwa sauti ndogo.

"Mimi niliuliza, mama. Mwaka ule wa kwanza. Niliandika barua kabisa." Afisa akatoa karatasi ya pili. "Nilijibiwa."

Jibu lilikuwa na mstari mmoja. *Fuata kifungu cha saba kama kilivyo. Kimeandikwa kwa makusudi.* Chini yake sahihi, ile yenye mkia mrefu aliyokuwa akijivunia. Alitamani ardhi ipasuke, na ardhi haikuwa na mpango huo.

Alirudi stesheni kwa miguu, kilomita zote mbili, viatu vya ofisini vikimkata visigino. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshamwekea bakuli la chakula limefunikwa kwa sahani. Mama Asilimia akakaa karibu naye, akasema yote kwa mpigo, kifungu, barua, sahihi. Kisha akalia, mtu mzima na miwani yake, bila kujificha.

Dada alimwacha alie. Halafu akamfuta uso kwa kitambaa chenye vumbi la chaki, akamwachia alama nyeupe shavuni.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi kula. Halafu rudi kwenye injini."

Usiku ule hakuna cha kusimulia: walipitia vitabu vya dada vya mabehewa, wakalala. Jumatano mchana alikuwa mbele ya mkurugenzi wake, mwanamume mwema aliyeogopa vitu viwili duniani, magazeti na mkewe. Alisikiliza hadi mwisho huku rangi ya uso ikimpotea.

"Miaka kumi na moja?"

"Kumi na moja."

"Sikiliza," mkurugenzi alisema, akifunga mlango. "Tuseme ni kompyuta. Mfumo ulichanganya namba. Watu wanaelewa mambo ya kompyuta. Mwezi ujao unathibitishwa kuwa naibu wangu, mama. Usijimwagie unga mwenyewe."

"Kompyuta haikuandika kifungu cha saba."

"Nani atajua?"

"Mimi. Na dada yangu. Na afisa mmoja mwenye mwandiko mzuri." Akasimama. "Kesho wakiniuliza kompyuta imetengenezwa lini, nitawajibu nini? Nikidanganya kwenye hili, namba zote za ukutani zinakuwa uongo, hadi zilizo sahihi. Nitasema ni mimi."

Mkurugenzi akafungua mlango. "Basi nitakaa karibu yako," alisema, na kwa mtu mwoga lile lilikuwa jambo kubwa.

Kamati ilikaa Alhamisi saa nne, watu tisa kwenye meza ndefu, chupa za maji zimepangwa vizuri kuliko mawazo. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, mkavu, aliyesikiliza huku kalamu ikiwa juu ya karatasi tayari kutia sahihi. Mbele yake kulikuwa na ramani: reli imefutwa, maegesho ya malori yamechorwa kwa mistari safi.

Mama Asilimia alipiga moyo konde, akasimama.

"Takwimu mlizosoma ni zangu. Zina kosa, na kosa ni langu." Akaeleza ghala, dirisha, kifungu. Hakuongeza chumvi, hakujitetea. "Reli haibebi mbili katika mia. Inabeba kumi na tatu. Lori halibebi kumi na tisa, linabeba nane. Mkiing'oa reli, mzigo huo wote utaanza kuja barabarani kwelikweli, na barabara hiyo hamjaijenga."

Minong'ono ikazuka. Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Umeipata wapi hiyo kumi na tatu?"

"Kwenye vitabu vya karani wa mabehewa wa stesheni."

"Na huyo karani ni nani?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Mkurugenzi aliinamisha kichwa.

"Ni dada yangu, mheshimiwa. Ndiye aliyenilea."

Ukumbi ukalipuka. Mjumbe mmoja mwenye tai nyekundu akacheka waziwazi. "Ala! Kumbe tumekuja kwenye kikao cha ukoo! Dada anapoteza kazi, mdogo mtu anakuja na namba mpya!"

Ungekuwa wewe au mimi tungekaa chini. Mama Asilimia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu Jumanne kujisikia yuko nyumbani, kwa sababu sasa mtu alikuwa amemletea ubishi wa hesabu.

"Mheshimiwa una haki ya kunishuku. Kwa hiyo viweke kando vitabu vya dada yangu. Vitupe kabisa. Tutumie fomu za forodha peke yake, zile zile zilizowaambia mbili katika mia." Akagawa karatasi moja kwa kila mjumbe. "Hii ni siku moja tu, Jumanne ya wiki iliyopita. Kila lori lililovuka mpaka limeandikwa namba yake. Naomba usome namba ya kwanza."

Mwenye tai nyekundu akasoma. Akasoma ya pili. Akashuka na karatasi, akaikuta tena ile ya kwanza.

"Imejirudia mara ngapi?" Mama Asilimia aliuliza.

"Tisa."

"Lori moja, mheshimiwa, limevuka mpaka mara tisa kwa siku moja, kila mara limejaa, na kila mara limeingia, halijatoka hata mara moja. Yako sita ya namna hiyo. Siku ambazo treni haiji, hayaonekani kabisa. Siku ya treni yanarudi, mara tisa kila moja. Nimetazama miaka yote kumi na moja jana jioni. Malori yamebadilishwa yalipochakaa, lakini tisa haijabadilika."

"Hilo lori lina mabawa," mtu alisema mwisho wa meza, na safari hii kicheko kilikuwa cha watu wote.

"Halina mabawa. Linatoka stesheni, kilomita mbili. Na kitu kimoja cha mwisho. Makaa ya mawe hukaguliwa palepale relini, ndiyo maana hayo peke yake yaliandikwa reli. Ni mabehewa matano kila safari. Mnijibu wenyewe: nani anakodi injini nzima ivute mabehewa matano, mara nne kwa wiki, kwa miaka kumi na moja?"

Mwenyekiti alikuwa akizisoma namba za malori kwa kidole, taratibu, moja baada ya nyingine, akihesabu midomo ikicheza. Alipofika mwisho alirudi juu akahesabu tena. Mama Asilimia alimpenda kwa hilo.

"Namba hizi umekuwa nazo muda wote huu," mwenyekiti alisema. "Mbona hukuziona?"

"Sikuzitazama. Niliamini sentensi yangu."

Mwenyekiti akachukua ramani ya maegesho, akaikunja mara mbili, akampa karani wake. "Reli inabaki. Na wewe, miaka yote kumi na moja utairudia, na marekebisho yatatoka kwa jina lako."

"Nilishaanza jana, mheshimiwa."

Kazi ile ilimchukua miezi mitano. Unaibu walimpa mtu mwingine, naye aliumia kwa siku moja nzima, akaongea peke yake mbele ya kioo, akamaliza. Duara la ukutani alilichora upya. Kijani sasa ilikuwa pana, na wageni walipofika alisimama hapo kuliko kwingine, akawaeleza bila kuficha kwa nini miaka ile ilikuwa nyembamba na nani aliyeipunguza. Mpika chai alipita siku moja akiwa na sinia, akasimama, akatazama, akauliza, "Umehesabu, au unasema tu?" Ofisi nzima ikaangua kicheko, na mwenyewe akiwemo.

Karatasi mpya ya maelekezo ilifika mpakani Jumatatu moja, nayo imepakwa plastiki. Afisa mwenye mwandiko mzuri aliisoma, akapanda pikipiki akaipeleka stesheni, akampa karani wa mabehewa. Dada aliisoma akiwa jukwaani. Akapiga simu.

"Wee mtoto."

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hiki kifungu cha saba, umekiandika wewe?" Akasoma kwa sauti, polepole, treni ikiunguruma nyuma yake. "*Andika chombo kilichovuka mpaka na mzigo. Kama huna uhakika, ondoka kitini uende ukaone.*"

"Nimeandika mimi. Maneno ni yako."

Kelele za magurudumu zilijaza simu, behewa baada ya behewa, na ofisini kwake Mama Asilimia akajikuta anahesabu. Zilipokoma, dada alikohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu anayejizuia.

"Ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na mawili."

"Sawa," dada alisema. "Sasa umejua."